Meza ya umbo la yai: je, ni duaradufu?

SWALI: Mimi ni fundi seremala hapa Ujiji, Kigoma. Mteja ameniagiza meza ya mninga ya umbo la yai, urefu sentimita 150 na upana sentimita 90. Nimezoea kuunganisha matao manne ya bikari, lakini binti yangu wa kidato cha tatu anasema hiyo si duaradufu. Kwa macho sioni tofauti. Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Ndugu fundi, binti yako yuko sahihi, na alilolishika ni jambo la msingi: katika jiometria mstari uliopinda hautambulikani kwa sura yake, bali kwa sharti ambalo kila nukta yake hulitimiza. Duara ni nukta zote zilizo mbali sawasawa na kitovu. Duaradufu ina nukta mbili za ndani, na kutoka popote ukingoni, umbali wa kufikia ya kwanza ukijumlishwa na umbali wa kufikia ya pili, jumla haibadiliki.

Matao yako ni vipande vya maduara. Kila kimoja kina mpindo wake usiobadilika, kisha mpindo huo hubadilika ghafla pale vinapoungana. Katika duaradufu mpindo hubadilika hatua kwa hatua, wala hakuna kipande, hata kifupi, ambacho bikari inaweza kukifuata barabara. Usione haya kwa kudanganywa na macho: mwanaastronomia Johannes Kepler, aliyetangaza mwaka 1609 kwamba sayari ya Mirihi huzunguka Jua kwa njia ya duaradufu, alikuwa amehangaika kwanza na umbo la yai.

Kwa meza yako, jumla ile ni urefu wote, 150. Nusu ya urefu ni 75, nusu ya upana ni 45. Kipeo cha pili cha 75, yaani 75 mara 75, ni 5,625, ukitoa kile cha 45, yaani 2,025, hubaki 3,600, na kipeuo chake cha pili, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 3,600, ni 60. Huo ndio umbali wa kila moja ya zile nukta mbili za ndani kutoka katikati. Basi pigilia misumari miwili kwenye mstari wa urefu, kila mmoja sentimita 60 kutoka katikati, ufunge baina yake uzi wenye urefu wa sentimita 150, uukaze kwa ncha ya penseli na kuchora nusu moja, kisha uuhamishie upande wa pili. Fanya hayo upande wa chini wa ubao, ili matundu ya misumari yasionekane mezani.