Muulize Shangazi: Nyimbo za Huzuni Zinaniliwaza, Je, Najidhuru?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mkazi wa Tanga. Miezi mitatu iliyopita mchumba wangu alivunja uchumba wetu wa miaka minne, ilhali posa ilikwishapokelewa na siku ya ndoa ilikwishatajwa. Tangu hapo, kila usiku hufunga mlango, nikavaa hedifoni na kusikiliza taarab za zamani, zile ambazo marehemu bibi yangu alikuwa akizisikiliza redioni huku akisuka ukili. Hulia, kisha moyo hutulia na usingizi huja. Dada yangu anasema ninajitonesha kidonda, na kwamba nisikilize nyimbo za kuchangamsha. Je, ninakosea? (Mwenye Majonzi, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Dada yako anakutakia mema, lakini katika hili sikubaliani naye. Aliyefiwa hatumpigii ngoma siku ya matanga. Kwanza tunakaa naye mkekani. Moyo ulioachwa nao unahitaji wa kukaa nao, na wimbo wa huzuni unaijua kazi hiyo.

Wala hauko peke yako. Mwaka 2014 watafiti Liila Taruffi na Stefan Koelsch walichapisha matokeo ya maswali waliyowauliza watu 772 kupitia intaneti kuhusu muziki wa huzuni. Hisia iliyotajwa zaidi haikuwa huzuni yenyewe, bali ile hali ya kuyakumbuka ya zamani kwa utamu uliochanganyika na uchungu. Nikiisoma barua yako namwona bibi na ukili wake, nami nashuku kwamba sehemu ya machozi yako ni yake yeye, si ya huyo bwana.

Taarab, tena, ina jambo lake. Mshairi wake hakuruhusiwa kulia ovyo: maumivu yake ilimbidi ayapange kwa vina na mizani, mshororo kwa mshororo, na kila ubeti ukiisha kiitikio kinaupokea, fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, zinaingia, na mwimbaji anapata nafasi ya kuvuta pumzi. Kilio chako cha saa nane za usiku hakina mpaka, lakini kile cha wimbo kina mwanzo, kina vituo na kina mwisho. Halafu yako mafumbo. Aliyetenda ubaya hatajwi jina. Anaitwa ua, chombo au ndege, na kwa hiyo kila msikilizaji humtia humo wake anayemjua. Ndiyo maana katika maonyesho ya taarab, Unguja, ambako kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu mwaka 1905, mwanamke huinuka kitini ubeti unapomgusa, akaenda kwa madaha hadi mbele na kumtunza mwimbaji fedha, watu wote wakimwona na asiwepo wa kumuuliza ana lipi. Amekwisha kusema, na hakufungua kinywa.

Hata hivyo, dada yako ana punje ya ukweli. Wapo watu ambao wimbo wa huzuni huwafanya wacheue mawazo yaleyale kama ng'ombe anavyocheua majani, na wakiuzima huwa wazito kuliko walivyoanza. Wewe unalala baada ya kulia, nayo ni dalili njema. Lakini usingizi ukianza kukukimbia, chakula kikakushinda au kazi ikakuelemea, usiukimbilie wimbo, mwone daktari au mshauri nasaha mapema. Na kama zipo nyimbo alizokuwa akikutumia huyo mchumba wako, ziweke kando kwa sasa. Hizo hazikuliwazi, zinakurudisha kwake tu.

Ninalolitilia shaka katika barua yako ni ule mlango uliofungwa. Bibi yako, nadhani, hakuvaa hedifoni. Redio ililia nyumba nzima, jirani akapita akaitikia kiitikio, nawe mtoto ukasikia mpaka ukahifadhi. Jioni moja iweke simu yako mezani, ufungulie sauti, umwite dada yako aketi. Pengine naye ana ubeti wake, na hajawahi kupata pa kuinukia.