Tulisoma Kogelo, tukapitwa na Phoenix

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Magazeti yetu yakiandika kuhusu uchaguzi wa nchi ya nje, hutusaidia kuuelewa au hutugeuza mashabiki tu?" Nitajibu kwa uchaguzi wa Marekani wa 2008, maana sijaona mwingine wa ugenini ulioandikwa Kenya kana kwamba ni wetu.

Tulisoma habari za Kogelo, kijiji cha ukoo wa Barack Obama huko Siaya, za Mama Sarah, nyanyake wa kambo, za mwana wetu aliyekuwa akielekea White House. Sioni ubaya wa kuanzia kwenye ujamaa. Babake Obama alikuwa Mkenya kweli, na hilo liliwavuta hata wasiojali siasa za nje. Ubaya ni kuishia hapo. Rais Kibaki alitangaza Novemba 6 kuwa sikukuu, tukasherehekea. Ni wangapi kati yetu walijua kwamba AGOA, iliyoruhusu nguo zilizoshonwa Athi River kuingia Marekani bila ushuru, ni sheria ya Kongresi ya mwaka 2000? Au kwamba PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi uliowalipia Wakenya wengi dawa za ARV, ulianzishwa na Rais George W. Bush mwaka 2003? Ndiyo maana Obama alipozuru Ghana Julai 2009 na kutupita sisi, wengi walinuna kama walionyimwa haki yao.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiki. Oktoba 15, 2008, wiki tatu kabla ya kura ya Marekani, Tume ya Jaji Waki ilikuwa imekabidhi ripoti yake: watu 1,133 walikufa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wetu wa Desemba 2007. Kisha Jumatano asubuhi, Novemba 5, saa moja na ushei kwa saa za Nairobi, John McCain, mgombea aliyeshindwa na Obama, akapanda jukwaani mjini Phoenix, Arizona. Kura zilikuwa bado zinahesabiwa. Wafuasi wake walipozomea, aliinua mikono kuwatuliza. Akasema amempigia Obama simu kumpongeza, na kwamba aliyekuwa mpinzani wake sasa atakuwa rais wake.

Kwangu mimi, hiyo ndiyo iliyokuwa habari ya Kenya, na ilistahili ukurasa wa kwanza kando ya takwimu za Waki. Kwao kila jimbo huhesabu na kuidhinisha kura zake lenyewe. Kwetu, mwaka 2007, macho yote yalikuwa KICC, jumba la mikutano la Nairobi, kwa mwenyekiti mmoja wa tume ya uchaguzi, na jioni ileile aliyotangaza matokeo rais akaapishwa Ikulu. Msomaji aliyekuwa amepoteza nyumba Eldoret alihitaji kuelezwa tofauti hiyo hatua kwa hatua, kwa lugha nyepesi, kuliko picha nyingine ya ngoma za Siaya.

Marekani itamchagua rais tena 2028. Mkipata mgombea mwenye jamaa huku kwetu, tumeni mwandishi kijijini kwao. Ila mwingine akakae na karani wa uchaguzi wa kaunti moja ya Ohio, atuandikie karatasi ya kura inapitia mikono ya nani mpaka ihesabiwe.