Mpwa wangu, mkufu huo usije nao huku

Mpwa wangu wa Mikindani, kusini mwa Tanzania, anajiandaa kuja kusoma Ujerumani, ninakoishi. Jirani yao Mhindi mwenye duka amemzawadia mkufu wa fedha wenye swastika, ile alama ya msalaba wenye ncha zilizopinda, kumtakia heri ya safari. Ananiuliza auvae? Na nyumbani wengi wanamwunga mkono: alama ina maelfu ya miaka, Hitler ameikuta tu, kwa nini tumwachie?

Mpwa wangu, mwachie mama yako autunze, utauvaa ukija likizo. Jirani umshukuru, maana amekupa kitu chema. Wahindu, Wajaini na Wabudha hawajawahi kuiacha alama hiyo. Diwali, sikukuu yao ya taa, ikifika wafanyabiashara wanaichora hadi kwenye daftari jipya la hesabu. Wao hawana cha kurudishiwa.

Ila huku, Wanazi, chama cha Hitler, waliichukua mwaka 1920, na mwaka 1935 wakaifanya bendera ya taifa. Chini ya bendera hiyo waliuawa Wayahudi wapatao milioni 6, na Waroma mamia ya maelfu. Leo kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinamtoza faini, au kumfunga hadi miaka 3, anayeonyesha alama za Nazi hadharani. Hakiwalengi Wahindu na ibada zao, na huenda polisi akakuelewa. Mimi namfikiria abiria aliyekaa mbele yako kwenye treni, ambaye babu yake hakurudi kutoka kambi ya Wanazi. Atashuka kabla hujamaliza kumweleza habari za Diwali.

Nami inanichoma. Nimeikuta imepulizwa kwa rangi kwenye ukuta wa stesheni ninayopandia kwenda kazini, na chini yake maneno ya kututaka sisi weusi tuondoke. Aliyeichora yu hai, pengine tunapanda treni moja. Tutaisafishaje na wanaoichafua bado wako kazini?

Tena lipo linalotugusa watu wa kusini. Rangi za bendera ya Nazi, nyeusi, nyeupe na nyekundu, Hitler alizitoa kwenye bendera ya Ujerumani ya kifalme, ile ya wakoloni waliojenga Boma la hapo Mikindani na kuwaua wazee wetu wakati wa Maji Maji. Swastika haikuwemo bado. Siku hizi wafuasi wa Nazi wanabeba bendera hiyo ya kifalme kwenye maandamano, kwa kuwa ile nyingine imepigwa marufuku.

Wenyewe kabisa wa alama hii wamewahi kuiweka chini. Mwaka 1940, huko Arizona, Marekani, wenyeji wa asili wa makabila ya Navajo, Hopi, Apache na Tohono O'odham walitia saini kuiacha katika mablanketi na vikapu vyao, kwa kuwa Wanazi walikuwa wameichafua, ingawa ni ya mababu zao. Wahindu wa Ulaya walichagua njia nyingine: mwaka 2007 Ujerumani ilipotaka ipigwe marufuku Umoja wa Ulaya mzima, walipinga, na pendekezo likaondolewa. Nawaunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu wanatetea ibada yao, wana mahekalu na wazee wa kuwasemea. Wewe, mpwa wangu, utakuwa peke yako kwenye treni.