Theluji yako na wimbo wetu: barua kwa mwanangu

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo. Mama yako uvimbe wa mguu umepungua, na ameanza tena kwenda sokoni bila kuniaga, kwa hiyo ujue amepona. Mvua imekatika wiki mbili sasa. Mahindi ya nyuma ya nyumba yanatazama juu kama sisi.

Ujumbe wako ulifika Jumapili tukitoka kanisani. Picha niliiona kwanza kwenye simu ya mdogo wako, lakini kwenye kioo cha simu mtu haoni kazi ya brashi, anaona mwanga tu. Nikamtuma steshenari akaichape kwa rangi kwenye karatasi kubwa. Sasa ninayo hapa mezani, nimeikandamiza kwa vikombe viwili isijikunje, na mama yako ameshauliza mara mbili chai yake atainywea nini.

Nirudie swali lako nione kama nimelielewa. Mwalimu wa darasa lenu la jioni huko Tampere, Finland, aliwaambia kila mmoja achore majira ya baridi kwa rangi za maji, akiongozwa na wimbo anaoupenda wa nchi yake. Wenyeji wengi wakachukua Finlandia ya Sibelius, mtunzi wao wa muziki. Wewe ukachukua Tanzania, Tanzania, nakupenda kwa moyo wote. Ukachora ziwa lililoganda, miti kwa mbali, na mtu amekaa kwenye kigoda anavua samaki kupitia tundu alilotoboa kwenye barafu. Chini ukaandika jina la wimbo. Ndipo ndugu zetu Watanzania wa huko wakakuuliza Tanzania iko wapi hapo. Mmoja akakushauri uongeze twiga, mwingine bendera. Nawe unaniuliza: "Baba, nibadilishe jina au nibadilishe picha?"

Usibadilishe kitu. Ningeweza kuishia hapo, ila najua ungenipigia simu usiku kutaka sababu, na usiku wenu siuelewi, maana umesema Desemba saa tisa alasiri mnawasha taa.

Sababu ya kwanza iko ndani ya wimbo wenyewe. Watu wengi wanaujua ubeti wa kwanza tu, ule wa jina tamu na wa kuiota nchi ukilala. Sisi tuliuimba mstarini kila asubuhi, pekupeku, mwalimu wa zamu akipita nyuma yetu kusikiliza nani anatikisa midomo bila sauti. Mwalimu wetu alikuwa mkali, akatulazimisha kujua beti zote. Ubeti wa pili ni wa mtu aliye safarini. Amekwenda mbali kutazama maajabu, au kwa biashara, au kuishi huko huko, na anasema hatasahau mema ya kwao. Mimi utotoni niliuona ubeti wa bure kabisa. Nani alikuwa anasafiri? Safari yetu kubwa ilikuwa kivuko cha Kamanga kwenda ng'ambo kwa shangazi, na tulirudi jioni.

Sasa uimbe polepole uone. Katika beti hizo mbili hamna mlima, hamna ziwa, hamna mnyama hata mmoja. Aliyetunga hakuhangaika kutuonyesha nchi inafananaje. Amemweka mtu anayependa, amelala anaota, au yuko njiani. Hao wanaotafuta twiga kwenye picha yako wamtafute kwanza kwenye wimbo. Na wakikusumbua zaidi, waulize sauti ya Mungu Ibariki Afrika imetoka wapi. Aliitunga Enoch Sontonga, mwalimu wa Johannesburg, mwaka 1897, naye nchi inayoitwa Tanzania hakuisikia, maana haikuwepo. Tunasimama wima tunaiimba, na hakuna anayesema si yetu.

Lakini hiyo ni sababu ya mdomoni. Iliyonishika mimi ni ya mkononi, na hapa nitakuchosha kidogo.

Unakumbuka mtumbwi wa Uji? Ulikuwa darasa la pili. Alikuja mtu wa Ukerewe na mtumbwi mpya, akataka ubavuni nimwandikie jina, na mbele ya jina nimchoree Mlima Kilimanjaro na theluji yake. Kilimanjaro sikuwa nimeuona, na mpaka leo sijauona. Nikanakili kutoka kwenye kalenda ya ukutani. Kilele nikakipiga rangi nyeupe ya mafuta mikono mitatu, bila kivuli chochote, na kwa haraka ya pesa sikusubiri mkono wa pili ukauke. Ikatiririka. Wavuvi walipouona pale Mwaloni wakasema mlima umemwagikiwa uji. Jina nililoliandika kwa ustadi wote hakuna aliyelisoma tena, mtumbwi ukaitwa Uji mpaka siku ulipouzwa. Mwenyewe alinilipa nusu, na sikumdai.

Kosa langu halikuwa kuchora theluji nikiwa kando ya ziwa. Theluji ni yetu pia, na usiku wa Uhuru mwaka 1961 mwenge uliwashwa juu huko huko kwenye baridi ya Kilimanjaro. Kosa langu ni kwamba nilichora kalenda.

Picha yako niliipokea nikiwa na uji ule kichwani. Nilipoona vivuli vya theluji umevipaka buluu, nilichukua kalamu kukuandikia kwamba umekosea, kivuli ni cheusi, kikizidi sana ni kijivu. Bahati mama yako alikuwa amefua. Shuka jeupe lilikuwa kwenye kamba, saa mbili asubuhi, anga halina hata wingu. Nikasimama mbele yake kama mtu aliyetumwa kulilinda. Pale lilipojikunja, jua lisipofika, palikuwa na buluu, mwanangu. Buluu nyepesi, ile unayoipata ukiosha brashi. Jua halifiki penye kivuli lakini anga linafika, na anga ndilo linalopaka pale. Miaka zaidi ya 40 nimeshika brashi mji huu, nimeandika maduka, malori, saluni, mitumbwi isiyo na hesabu, na kivuli cha shuka langu mwenyewe nilikuwa sijakiona. Mama yako alidhani natafuta doa, akaanza kujitetea.

Kwa hiyo wewe umechora ulichokiona. Huyo twiga wanayemtaka umemwona lini? Mara moja, kwenye basi la shule mlipokwenda Serengeti, naye alikuwa mbali na wewe ulikuwa unatapika.

Halafu kuna jambo la weupe, ambalo nimelifikiria siku tatu nzima. Kwetu watu wa mabango nyeupe ni kopo. Ndilo la kwanza kununuliwa na la kwanza kuisha. Ubao unaupiga nyeupe kwanza, ndipo herufi zije juu yake, na ukikosea unapiga nyeupe tena unaanza upya, hakuna anayejua. Wewe unaniambia kwamba kwenye rangi za maji nyeupe haipakwi, ni karatasi yenyewe unayoiacha. Unaanza na rangi nyepesi, unakwenda kwenye nzito, na ulipopitisha brashi hapawi peupe tena kama mwanzo. Kumbe theluji yote ninayoiona hapa mezani ni mahali ambapo mkono wako haukugusa. Ulizunguka pembeni yake, ukaiacha. Kwa fundi kama mimi, niliyezoea kufunika, hiyo ni kazi ngumu kuliko kupaka.

Basi nieleze, ukimwongeza twiga leo atakaa juu ya nini? Atakaa juu ya weupe ulioulinda tangu ulipolowesha brashi mara ya kwanza. Bendera ni mbaya zaidi. Nyeusi ile ikiingia kwenye karatasi mbichi itatembea mpaka kwenye kofia ya yule mvuvi.

Kuhusu mvuvi. Umesema hakuna kitu cha nyumbani ndani ya picha, nami nilikuamini mpaka nilipovaa miwani. Kiwiko kiko kwenye goti. Kidevu kimezama kwenye kola. Kichwa kimeinama upande wa mkono ulioshika kamba, kana kwamba samaki atazungumza. Nimewaona watu wamekaa hivyo hivyo na ndoana zao kwenye mawe ya Capri Point tangu sijamwoa mama yako. Huyo amevaa koti kubwa na kofia ya manyoya, lakini mgongo ule ni wa hapa. Sikulaumu kwa kutoligundua. Mkono hauombi ruhusa.

Na lile jiwe? Kushoto, karibu na ukingo, umeweka jiwe kubwa limekaa juu ya jingine, katikati pana uwazi mwembamba ambapo theluji haikuingia. Najua huko pia kuna mawe makubwa, uliwahi kuniambia yaliburutwa na barafu ya zamani na kuachwa popote. Lakini kukaa namna hiyo, jiwe juu ya jiwe kama mtu aliyepanga akaondoka, nakujua mimi. Ndivyo lilivyokaa lile la nyuma ya choo cha jirani, mlilokuwa mkiteleza juu yake mpaka sare zinatoboka. Je, uliliona Tampere, au limekuja lenyewe? Nijibu hilo, maana mdogo wako amesema uliliona na mimi nimesema hukuliona, na tumewekeana soda.

Nikuambie na jingine ambalo huenda umelisahau. Ulikuwa na miaka mitano au sita. Mvua ya mawe ilipiga bati mpaka tukawa tunaongea kwa mikono. Ilipotulia ulitoka na bakuli, ukaokota mawe ya barafu chini ya mwembe, ukalisukuma bakuli chini ya kitanda ili bibi akija kutoka Magu ayaone. Asubuhi ukakuta maji na jani moja la mwembe. Ulilia sana. Mama yako, ili unyamaze, akasema bibi anayapenda zaidi yakishakuwa maji. Jumamosi bibi alipofika ulimpa bakuli kabla hajavua viatu. Akatoa jani, akanywa, akasema ni matamu. Sasa wakikuambia baridi si jambo la kwenu, wewe una shahidi, Mungu amrehemu.

Nisikusifie tu, utadhani nimezeeka. Miti ya nyuma umeikoleza sana, na kingo zake ni kali kama zimekatwa kwa wembe. Kitu cha mbali hakina ukali huo. Hata kisiwa cha Saanane, kilicho karibu hivi, asubuhi yenye ukungu ni doa tu. Ungelowesha karatasi kwanza pale ndipo uguse rangi. Na chumvi ile uliyonyunyiza ili rangi ijivute na kuacha vidoa kama theluji inayoanguka, nimeipenda kuliko vyote, nikajaribu mwenyewe kwa chumvi ya Uvinza na rangi za shule za mtoto wa jirani. Imekubali! Ila kona ya juu kulia umemwaga kama unaunga mboga. Punguza. Uso wa mvuvi nao ulitaka kuuchora macho na pua, ukaacha katikati. Safari nyingine acha mapema zaidi, mgongo wake umeshasema.

Hizo ni kasoro za picha ijayo. Hii iache kama ilivyo, na jina lake.

Ukimaliza maonyesho yenu ya darasa nitumie yenyewe, siyo nakala. Usiikunje. Iviringishe ndani ya bomba la karatasi ngumu, uzibe ncha zote mbili, uandike namba ya simu ya mdogo wako kwa nje, maana yangu huzima chaji. Kuna fundi wa vioo pale Makoroboi nimeshaongea naye habari ya fremu, na ameniuliza vipimo, kwa hiyo nipimie kwa rula, siyo kwa kiganja kama kawaida yako. Kioo ni lazima, rangi za maji na unyevu wa ziwa hili hazitaelewana. Itakaa sebuleni mahali palipo na ile kalenda. Ndiyo, kalenda ile ile, sikuwahi kuitupa.

Mama yako anakusalimu. Ameitazama picha muda mrefu, akasema ni nzuri, kisha akauliza yule mtu amevaa soksi ngapi, na wewe unavaa ngapi.

Ni mimi baba yako.