Mwanao kapata chuo? Usiiachie boom ya mkopo ikulelee

Kuna baba mmoja wa Mbeya kanitumia meseji, binti yake kachaguliwa mwaka wa kwanza, anauliza ampe nini zaidi ya nauli. Najibu hapahapa maana wazazi wengi mko kwenye hali hiyo, na wangu katoka kumaliza mwaka wa kwanza bila sapu (mtihani wa kurudia somo ulilofeli) hata moja, namshukuru Mungu.

Udahili malizaneni nyumbani. Mtoto akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa ile namba ya siri (code) inayotumwa kwenye simu, hivyo laini aliyoombea isipotee.

Kinachomaliza watoto ni wiki za mwanzo. Majina ya mkopo yanatoka kwa awamu, na hata ukipata mpaka usajiliwe chuo usaini ndo boom, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, iingie, sasa hapo katikati mtoto anakula nini? Wangu awamu ya kwanza hakuwepo. Kuna ndugu wa karibu alisimama mbele ya ukoo mzima siku matokeo ya form six yametoka akasema ada niachieni mimi, muda ulipofika simu haipokelewi, mpaka leo hainitoki moyoni. Nikachukua hela yangu ya kikoba, nikalipa, tukapanda treni ya SGR mimi na yeye mpaka Dodoma, nikakiona chumba anacholala, nikaongea na wenzake, nikachukua namba ya rafiki yake mmoja ndo nikarudi Dar.

Kuanzia hapo kila Jumapili jioni natuma hela ya kula ya wiki, ndogo lakini siku ileile, na boom ilipoingia nilipunguza tu sikukata. Ukisubiri uombwe mtoto atazoea kutunga sababu, au ataona aibu akae na njaa, na nje ya geti wapo watu wazima kabisa wanaomsubiri huyo mwenye njaa. Wazazi tuambizane ukweli, mkopo sio mzazi!

Na ukipiga simu usianze na test kapata ngapi. Muulize kala nini, analala saa ngapi, chumbani wanaelewana? Mi nilikuwa nauliza hayo tu, Jumapili moja akaniambia mwenyewe mama test ya hesabu nimepata 14 kwa 40. Sikufoka, nikamwambia kesho kamfuate mwalimu wako ofisini na utafute watu wa diskasheni, wiki ile nikaongeza hela ya bando. UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ilipokuja akatoboa na B+, mtoto niliyeambiwa atapotelea Dodoma!

Hela kidogo kwa siku inayojulikana, na simu isiyo ya kipolisi, mengine atayaweza.

Na ikitokea sapu, anairudia kabla mwaka wa pili haujaanza, kwahiyo mpunguzie kazi za nyumbani likizo hiyo asome, na habari hiyo isifike kwenye grupu la ukoo.