Hitchcock wa Pembeni: Anza na Mjomba, Bafu Litasubiri

Ukimtaja Alfred Hitchcock, watu hukutajia bafu la Psycho na ndege wa The Birds, basi. Ni filamu kubwa, sikatai. Ila mzee huyu aliongoza filamu zaidi ya 50, tangu miaka ya 1920 hadi 1976, na zinazonirudisha kwake mara kwa mara ni zile zisizotajwa sana, ambamo hofu inakaa sebuleni na watu wa kawaida.

Usizifuate kwa mpangilio wa miaka. Wengi huanza na filamu bubu kwa bidii ya mwanafunzi wa mtihani, wakaishia kusinzia. Anza na Shadow of a Doubt ya 1943, tena bila kusoma muhtasari wala kutazama kionjo. Mjomba Charlie anafika kwa treni Santa Rosa, mji mdogo wa California, treni yenyewe ikitapika moshi mweusi tii. Nyumba nzima inamshangilia. Mpwa wake wa kike, mwenye jina lake, anavalishwa naye pete ya zumaridi. Binti akiichunguza anakuta ndani yake herufi za majina ya mtu mwingine. Huku nako baba mwenye nyumba na jirani yake wanabishana, kwa raha zao, njia bora ya kuua mtu bila kukamatwa! Ikifika chakula cha jioni, usiondoe macho kwa Joseph Cotten, anayemwigiza mjomba. Anawasema wajane matajiri, kamera inamsogelea ubavuni, na mpwa akimpinga, anageuka na kukutazama wewe. Naijua sehemu hiyo kwa moyo, na bado nashtuka.

Ukitoka hapo, tafuta The Wrong Man (1956). Kisa ni cha kweli. Manny Balestrero, mpiga besi wa klabu ya New York, alikwenda ofisi ya bima kutafuta mkopo wa kutibu meno ya mkewe, makarani wakamfananisha na jambazi. Polisi wanamwamuru aandike maneno ya kikaratasi ambacho jambazi aliwapa makarani, naye anakosea neno lilelile alilokosea mwizi. Hakuna steringi wa kuja kuokoa mtu. Henry Fonda, anayemwigiza Manny, hata sauti hapandishi. Aliyewahi kuitwa kituoni "kwa maelezo mafupi tu" ataielewa kuliko mhakiki yeyote.

Young and Innocent (1937) ina hadithi nyepesi, lakini ivumilie mpaka ukumbi wa hoteli. Kamera inaanzia juu, inapita polepole juu ya wacheza dansi, inashuka hadi kwenye macho ya mpiga ngoma, yanayopepesa. Sisi tunajua muuaji hupepesa hivyo. Waliomo ukumbini hawajui. Taharuki yote ya Hitchcock imo humo.

Kuhusu nakala: filamu zake za Uingereza zimejaa YouTube, nyingi picha imefifia na sauti inakwaruza. Usimhukumu mzee kwa hizo. British Film Institute ilizisafisha upya filamu zake tisa bubu mwaka 2012; tafuta matoleo hayo, ukianza na The Lodger (1927). Ya kumi, The Mountain Eagle, ilipotea na haijaonekana tena, kwa hiyo ukikuta mtu ameiweka mtandaoni nzima nzima, okoa bando lako.