Barua kwa mwanangu: kwanini nimemfuta baba yake Johan

Mwanangu,

Meseji yako ya juzi niliisoma nikiwa bado kazini, nikasema hii siwezi kujibu kwa simu huku nafunga koti, ngoja nifike nyumbani nikae niandike vizuri. Umeuliza hivi, mama, kwenye mti wa ukoo ulionitumia, babu yake babu, huyu Johan Mswidi, hana baba, pako wazi kabisa, wakati kwenye intaneti kuna miti ya watu wengine kibao imeandika baba yake ni Nils, na tarehe zake zote zipo, kwanini wewe umemfuta?

Ni kweli nimemfuta mimi. Nilikuwa naye miezi minne kwenye mti wangu, nilimkopi hukohuko ulikomwona, na siku niliyomtoa nilikaa jikoni chai ikapoa sijainywa. Ngoja nikueleze toka mwanzo ndo utanielewa.

Unalikumbuka boksi la viatu la baba yako, lile alilokuwa analiweka juu ya kabati la koridoni. Marehemu kila mara alikuwa anasema akistaafu atalishughulikia, hakustaafu, Mungu akamchukua kabla. Mwaka mzima sikuligusa. Alafu shangazi yako akaniletea na Biblia ya mzee Johan, ya Kiswidi, gamba la nyuma limeachia, nikaona sasa hivi vitu vyote viko kwangu mimi niliyetoka Kiomboi, Tanzania, nisipovishika mimi nani atavishika. Ndani ya boksi mlikuwa na picha tano, karatasi ya uraia imechanika kona, na kikaratasi alichoandika bibi yako mzaa baba: Johan Nelson, kazaliwa Aprili 9, 1862, Småland, jina lilibadilishwa Ellis Island. Basi, huo ndo ulikuwa urithi wote wa habari za yule mzee.

Hilo la Ellis Island lifute kichwani mwako leo. Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York, ilifunguliwa 1892 na Johan alifika 1882, wakati huo watu walikuwa wanapokelewa Castle Garden, hapohapo New York. Na maofisa hawakuwa wanawapa watu majina mapya, orodha ya abiria ilikuwa inaandikwa na watu wa meli huko wanakopandia, afisa wa huku anaisoma tu anauliza maswali. Jina alibadilisha mwenyewe taratibu. Sensa ya jimbo la Minnesota ya 1885 ameandikwa Nilson, ya 1900 ya nchi nzima tayari ni Nelson, nadhani alichoka kurudia herufi kila akienda dukani. Ile sensa ya 1890 usihangaike nayo, karibu yote iliharibika kwa moto wa Washington wa 1921, ndo maana nilishukuru Minnesota walikuwa na sensa zao za katikati, ya 1885 na ya 1895, bila hizo tungekuwa na shimo la miaka ishirini. Hiyo karatasi ya uraia nayo haisaidii sana, za kabla ya 1906 zilikuwa fupi mno, inasema tu anakana utii kwa mfalme wa Uswidi na Norway, haisemi kijiji wala wazazi.

Sasa njoo kwenye tarehe, hapa nataka usome polepole. Kwenye Biblia, ukurasa wa kwanza, kwa mkono wake mwenyewe, wino umegeuka rangi ya chai, ameandika 4/9 1862. Watoto wake waliozaliwa huku Amerika waliisoma Kimarekani, mwezi kwanza, ikawa Aprili 9, wakaichonga hivyo kwenye jiwe la kaburi na bibi akaiandika hivyo. Baba yako naye aliisoma hivyo maisha yake yote. Mimi nilipoifungua tu nikaona tarehe nne mwezi wa tisa, maana ndivyo nilivyofundishwa kuandika tarehe shuleni Iramba, siku kwanza mwezi baadae, na Waswidi nao wanaandika hivyohivyo. Yani miaka yote hiyo watu walikuwa wanamtafuta Johan wa Aprili kumbe yeye ni wa Septemba. Nililia mwanangu, nilitaka nimwamshe baba yako nimwambie.

Lakini tarehe bila usharika haikufikishi popote kule Uswidi, kumbukumbu zote ziko kwa usharika, na Småland ni mkoa mkubwa, Johan ni wengi kama akina Juma. Usharika niliupata huku Minnesota. Waswidi walipofika walianzisha kanisa lao la Kilutheri, Augustana, tangu 1860, na wachungaji wao waliendelea kuandika vitabu kwa Kiswidi kama walivyozoea kwao, mtu akijiunga anaandikwa kazaliwa lini na ametoka usharika gani. Mikrofilamu za vitabu hivyo ziko kwenye kituo cha Swenson, chuo cha Augustana, Rock Island, Illinois. Ndo nikamkuta, Johan, 4/9 1862, Linneryd. Neno moja tu kwenye kijisanduku kidogo.

Na hapa lazima nikwambie kitu sijawahi kukueleza vizuri. Hao Augustana ndo haohao waliokuja Tanganyika miaka ya 1920, wakafanya kazi Iramba na Turu, na hospitali ya Kiomboi nilikozaliwa mimi ilianza kwa misheni yao. Mchungaji wetu alikuwa na kitabu cha washarika, kila nyumba na ukurasa wake, nani kabatizwa, nani kapata kipaimara, nani kahama na barua ya uhamisho kapelekwa usharika gani. Babu yako alikuwa mzee wa kanisa, kile kitabu nilikuwa nambebea. Kwa hiyo nilipofungua vitabu vya Linneryd kwenye kompyuta, na siku hizi Riksarkivet, hifadhi ya taifa lao, tangu 2018 picha zote za vitabu ni bure, sikuhisi niko ugenini hata kidogo. Sheria ya kanisa lao ya 1686 iliwaagiza wachungaji waandike ubatizo, ndoa, mazishi na wanaohama, alafu kulikuwa na kitabu kikubwa kinaitwa husförhörslängd, mchungaji anakaa na watu wa nyumba anawahoji kusoma na Katekisimu ya Luther, kila mtu anawekewa alama. Kitabu kile kile cha babu yako kasoro lugha.

Nikafungua kitabu cha ubatizo, 1862, Septemba. Mwandiko ni wa kujikunjakunja inabidi uzoee, mimi ilinichukua wiki mbili kujua s na f. Tarehe 4 yupo mtoto mmoja tu, Johan. Mama Stina Nilsdotter, mtumishi wa shambani, miaka 22. Na pale panapoandikwa baba hakuna kitu. Pembeni ya jina la mtoto kuna herufi mbili ndogo, oä. Ndivyo walivyokuwa wanafupisha neno lao la kusema mtoto amezaliwa nje ya ndoa.

Sasa sikiliza vizuri. Majina ya Kiswidi zamani yalikuwa kama yetu, si jina la ukoo, ni jina la baba. Johan mtoto wa Nils ni Nilsson, dada yake ni Nilsdotter, na watoto wa Johan wanakuwa Johansson, mpaka sheria ya 1901 ndo majina ya ukoo yakaanza kushika. Mimi jina langu la pili ni la baba yangu, la tatu la babu yangu, hili halinipi shida. Wale wenye miti ya intaneti walifikiri Kimarekani kidogo na Kiswidi kidogo, wakasema Nilsson maana yake baba ni Nils, wakatafuta Nils mwenye mtoto Johan jirani na Linneryd, wakampata mmoja wa usharika mwingine ambaye mwanae Johan kazaliwa Aprili 1862, mwezi waliokuwa wanautaka. Mtu mmoja akaandika, wengine wakabofya kukopi, na mimi nikiwemo. Nikaenda kukifungua kitabu cha mazishi cha usharika ule. Yule mtoto wa Aprili alifariki 1864, hakufika hata miaka miwili. Huwezi kuzikwa 1864 alafu 1882 ukapanda meli.

Nilsson ya Johan wetu ilitoka wapi? Stina ni Nilsdotter, baba yake Stina ndo Nils. Mtoto amebeba jina la babu yake mzaa mama. Mwanangu, hili hata kwetu lipo, binti akizalia nyumbani mtoto anaitwa kwa jina la babu, na kijiji kizima kinajua. Kule Uswidi nako mtoto wa namna hiyo mara nyingi alichukua jina la upande wa mama, au saa ingine la huyo mwanaume anayesemwa, kwa hiyo hata mimi hapa sijafunga mlango. Ila kumwandika Nils kama baba yake, hapana. Kumpa mtu baba asiye wake ni jambo kubwa, siku moja mtu atamsomea mwanao, na atakula kiapo hiyo ni damu yake.

Nimewafuata Stina na Johan ukurasa kwa ukurasa. Wanahama kila baada ya mwaka au miaka miwili, shamba hili, shamba lile, yeye mtumishi na mtoto pembeni. Miaka ile ya 1867 hadi 1869 ilikuwa ya njaa Uswidi, 1867 baridi iligoma kuondoka na mvua juu, 1868 ukame ukamaliza kilichobaki, Johan ana miaka mitano, sita. Walipitaje hapo, kitabu hakisemi, kinasema tu mwaka uliofuata bado wapo wote wawili. Stina kwenye kusoma ana alama nzuri. Akiwa na miaka 15 Johan anaanza kuandikwa peke yake, kibarua kwenye shamba la watu. Alafu Aprili 1882 jina lake limepigwa mstari mmoja mrefu toka jina mpaka mwisho wa safu, na pembeni mchungaji ameandika N. Amerika. Hivyo ndo walivyokuwa wanafanya kwa kila aliyeondoka, na miaka ya 1880 peke yake waliondoka zaidi ya laki 3, kuna kurasa mistari ni mingi kuliko majina yaliyobaki. Mstari wa Johan unapita karibu uguse jina la mama yake lililo chini. Nimeupiga picha, nitakutumia.

Kwenye orodha za wahamiaji za polisi wa bandari ya Göteborg, ambazo zinaanza 1869, nimempata mwezi huohuo, miaka 19, ametoka Linneryd. Wengi walipita njia hiyo, meli mpaka Hull Uingereza, treni mpaka Liverpool, alafu meli kubwa ya New York. Orodha ya kuingia New York ndo bado, kuna akina John Nilson watatu umri unafanana na sijaona cha kuwatenganisha, nimewaacha wote watatu. Sensa ya 1900 anasema aliingia 1881, ya 1910 anasema 1882, nimechukua ya kitabu cha mchungaji kwasababu iliandikwa siku zilezile, si baada ya miaka ishirini.

Kuna ile picha ya bibi mzee amekaa, kitambaa kichwani, kitabu mapajani, nyuma kuna mhuri wa mpiga picha wa mji wa Växjö. Linneryd hakuko mbali na Växjö. Shangazi yako anataka tuandike jina la Stina. Mimi naona mikono ile, vidole vimevimba kwenye viungo, nawaza mtumishi wa shambani, na kwenye paji la uso namwona baba yako kabisa. Lakini nimeandika kwa penseli tu, huenda, basi. Tukipata picha nyingine yenye jina tutalinganisha.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hilo, pale pa baba yake Johan pako wazi kwasababu mchungaji aliyembatiza alipaacha wazi, na mimi sina ninachokijua zaidi yake. Ila sijaishia hapo. Mama asiyeolewa aliweza kumpeleka mwanaume mahakama ya wilaya kudai matunzo ya mtoto, na vitabu vya mahakama hizo vipo. Kwenye wadhamini wa ubatizo wa Johan kuna kijana mmoja wa shamba la jirani ambaye jina lake linanisumbua, sitakwambia ni lipi mpaka nione maandishi. Natakiwa nisome vikao vya 1862 na 1863, mwandiko wa mahakama ni mbaya kuliko wa kanisa na macho yangu jioni yanachoka.

Ukija Krismasi njoo na ile miwani yako na kompyuta yako, yangu inazima zima. Nitakuwa nimeshachapa kurasa za Oktoba 1862, tuanze na hizo. Na baba mkwe wako mwambie shikamoo zangu.

Mama yako